Bibi shamba anajibu: mbegu mpya ya mpunga, nibadilishe au niache?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu meseji za mpunga zimekuja nyingi kuliko za nyanya na parachichi, nikaona ukurasa wote niwape watu wa majaruba. Wa parachichi mnisamehe, zamu yenu inakuja.

Bibi shamba shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne niko Mabogini, nalima mpunga eka moja na nusu, mbegu ya SARO 5 miaka yote. Shemeji yangu kaja na mbegu mpya kutoka Ifakara anasema kule inatoa gunia 35 kwa eka, mi msimu uliopita nilipata 20 kwa eka. Anataka nipande yote. Nikikataa ataona namdharau, nikipanda ikagoma ada ya shule sijui itatoka wapi. Nifanyeje?

Marahaba mama yangu. Usipande yote, na wala usikatae. Mwambie shemeji umeipokea mbegu kwa mikono miwili na utaipa jaruba moja, hapo heshima imebaki na ada ya watoto imebaki.

Sasa nikueleze kwa nini, manake najua ukirudi nyumbani ataanza tena na hizo gunia 35. Kwanza muulize gunia gani. Kuna gunia la kilo 75, kuna la kilo 100, kuna lumbesa iliyoshonewa kichwa juu, na mpunga uliotoka kwenye kupigwa leo leo una maji mengi, ukikaa juani siku tatu unapungua uzito. Kama ni gunia za kilo 100 za mpunga mkavu, gunia 35 ni tani tatu na nusu kwa eka, ukipeleka kwenye hekta ni zaidi ya tani 8 na nusu. SARO 5 yenyewe ambayo tunaijua, ikipata maji na mbolea na palizi kwa wakati inasemwa inaweza kufika tani 6 na nusu kwa hekta, yaani kama gunia 26 za kilo 100 kwa eka. Sisemi shemeji muongo, ila namba ya mdomoni haina mizani, na mi siwezi kukuacha uweke eka moja na nusu juu ya namba ambayo haijapimwa.

Pili, Ifakara siyo Mabogini. Kule ni bondeni, haifiki hata mita 300 kutoka usawa wa bahari, joto usiku na mchana. Sisi tuko kwenye mita 700 hivi chini ya mlima Kilimanjaro, mwezi wa saba usiku unajua mwenyewe unavyolala na blanketi mbili. Mpunga nao unasikia baridi, tena kuliko wewe. Mbegu ya siku 110 kule inaweza kukaa siku 130 hapa, na hizo siku 20 za nyongeza zote zinataka maji, na maji ya mito ya Rau na Njoro siku hizi hayatoshi tangu kule juu watu walipoongeza mashamba.

Lakini mbegu mpya tusizikatae kwa kuwa ni ngeni, manake sisi wa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi tuna historia ya kubadili mbegu na tukafaidika. Wazee wetu waliona, mradi ulipokamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani, wakapewa mbegu ya IR54 iliyotoka kituo cha utafiti wa mpunga cha kimataifa kule Ufilipino, shina fupi, haianguki, ukiipa yurea inabeba, na watu waliokuwa wanavuna gunia za kuhesabu vidole wakavuna mpaka hawana pa kuweka. Ile shina fupi ndo siri yenyewe. Kituo hicho kilitoa IR8 mwaka 1966, mtoto wa mbegu ndefu ya Indonesia na mbegu fupi ya Taiwani, na tangu hapo mbegu nyingi za mavuno makubwa zimerithi ule ufupi. Mbegu yetu ya zamani, Supa, ni ndefu, ukiipa mbolea inarefuka, suke likiwa zito inalala chini, panya wanakula kwa raha zao. Alafu 2002 ikatoka SARO 5 kwenye kituo cha utafiti cha Ifakara, kitaalamu inaitwa TXD 306, hiyo ikatushinda wote kwa sababu ina mavuno ya kukaribia zile IR na ina harufu kidogo, na ndo maana ya jina, nusu harufu. Kwa hiyo unaona, na hiyo unayoipenda leo ilitoka Ifakara hiyo hiyo. Shemeji hajakosea mahali pa kutafuta.

Haya, jinsi ya kuijaribu. Chagua jaruba la katikati, lisiwe la mwanzo linalopokea maji ya baridi ya mfereji na mbolea ya kwanza, wala la mwisho linalopata mabaki. Ligawe mara mbili, nusu SARO 5 yako na nusu mbegu ya shemeji. Siku moja ya kusia, siku moja ya kupandikiza, nafasi ile ile, miche mingapi kwa shimo ile ile, yurea kipimo kile kile siku ile ile. Hapa watu wengi wanakosea, mbegu mpya wanaipa jaruba zuri na mbolea ya ziada kwa sababu ni mgeni, mwisho wa msimu hujui umepima mbegu au umepima mbolea. Kama una nafasi rudia hivyo kwenye majaruba mawili matatu, moja juu, moja kati, moja chini, manake jaruba moja linaweza kukudanganya.

Na kitu kingine ambacho kiliniumiza mimi mwenyewe. Msimu mmoja nilijaribu mbegu ya muda mfupi pale kwenye robo tatu eka yangu Rau ya Kati, ikakomaa wiki mbili kabla ya wenzangu wote. Kwelea kwelea wa blok nzima hawakuwa na pa kula pengine, wakaja kwangu. Niliamia ndege asubuhi mpaka jioni na watoto, na bado nilivuna nusu. Nikaiandika kwenye daftari kama mbegu mbaya, na mbegu ya watu haikuwa na kosa. Kwa hiyo ukijua mbegu mpya inawahi, isie siku kadhaa baadaye ili itoe masuke pamoja na wenzake, na uandike kwamba umefanya hivo.

Kuvuna, usivune ukingoni, mpunga wa ukingoni una nafasi na jua unabeba kuliko wa ndani. Ingia ndani mistari miwili mitatu, pima kamba mita 2 kwa mita 5, hiyo ni mita za mraba 10, kata, piga, peta, anika mpaka ukiuma punje inalia kwa sauti kavu, alafu pima kwa mizani. Eka ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo kilo ulizopata zidisha kwa 405. Ukipata kilo 5.6 ni kama kilo 2,268 kwa eka, gunia 22 na ushee. Fanya hivo kwa mbegu zote mbili. Tofauti ikiwa gunia moja usihangaike, hiyo inaweza kuwa jaruba tu. Ikiwa gunia nne tano na imetokea hivo kwenye majaruba yote, msimu unaofuata ipe nusu eka. Msimu wa tatu ndo uamue.

Najua misimu mitatu inaonekana mingi. Ila mama, ada ya watoto wanne.

Dada mambo, mi ni kijana wa Chekereni, ndo nimeanza kulima mwaka huu baada ya mzee kunipa shamba. Nilisia mwanzoni mwa mwezi wa nne maana zamu ya maji ndo iliangukia hapo, mpunga ulistawi kijani kinoma, watu walikuwa wanasimama barabarani kuuangalia. Masuke yakatoka mwezi wa saba yamesimama wima tu hayainami, kuvuna karibu nusu ni mapepe. Jirani ananiambia nimeuziwa mbegu feki. Nimlalamikie muuzaji?

Poa mdogo wangu, na pole sana. Usiende kugombana na muuzaji kwanza. Mimi naamini mbegu yako haina kosa, kosa ni kalenda, na kalenda yenyewe hukuichagua, ulipewa na zamu ya maji.

Hesabu na mimi. Umesia mwanzo wa mwezi wa nne, masuke mwezi wa saba. Sasa suke kabla halijatoka, kama siku 10 mpaka 12 nyuma, mpunga ukiwa umebeba mimba, ndani kule ndo unga wa kiume unatengenezwa, na hapo ndo mpunga hautaki baridi kabisa. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 18 hivi kwa siku kadhaa mfululizo ule unga unaharibika, ua linafunguka halina cha kutungisha, punje inabaki ganda tupu. Mwezi wa sita mpaka wa nane Moshi ndo baridi yetu, na wewe mimba yako imeangukia katikati yake. Mpunga wenyewe haukuonyeshi, majani yanabaki mazuri, na ndo maana watu walikuwa wanasimama kuangalia.

Na ule ukijani kinoma uliouona nao umechangia. Yurea ikizidi mpunga unakuwa mlaini na baridi inaupiga zaidi. Najua kwenye kuanza kulima mtu anataka shamba liwe kijani kuliko la jirani, hata mimi nilipitia.

Ufanyeje msimu ujao. Ukiwa na uwezo wa kubadilishana zamu na mtu, tafuta tarehe ya kusia itakayofanya mpunga utoe masuke baridi imeshaisha, kwa mfano ukisia mwishoni mwa mwezi wa nane au wa tisa masuke yanatoka mwezi wa 12 hivi, joto lipo. Ikishindikana na ukalazimika kupanda msimu wa baridi, chagua mbegu ambayo wenzako wa blok hiyo wamevuna kwenye msimu huo huo, siyo iliyosifiwa kwenye msimu wa joto, hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Mpunga ukibeba mimba, kama maji yapo, pandisha maji jarubani mpaka sentimita 15 au 20 yafunike pale suke changa lilipo ndani ya shina, maji yaliyokaa jarubani yakapata jua mchana yanakuwa na joto kuliko hewa ya usiku, ni kama unaifunika shuka. Usiingize maji mapya ya mfereji usiku wakati huo. Na yurea ya mwisho punguza.

Alafu nakuomba kitu kimoja, anza daftari. Tarehe ya kusia, ya kupandikiza, siku suke la kwanza lilipotoka, siku nusu ya shamba ilipotoa masuke, siku ya kuvuna, gunia. Vijana wa blok nzima mkifanya hivo misimu miwili mtajua ni tarehe zipi zinaua na mbegu ipi inavumilia, kuliko mtaalamu yeyote atakayekuja na gari akae nusu saa.

Habari za kazi mwanangu. Nina eka mbili Kahe, eka moja ni nzuri, nyingine inatoa weupe juu ya udongo kiangazi kama majivu, mpunga unaota mabaka mabaka, sehemu nyingine miche inaungua ncha na kufa. Nimeambiwa kuna mbegu inayovumilia chumvi. Ni kweli?

Shikamoo mzee wangu. Ndiyo, ni kweli. Watafiti wetu wametoa mbegu za mpunga za jina la SATO kwa ajili ya ardhi za chumvi, kaulizie kwenye ofisi za utafiti wa kilimo za TARI au kwa bwana shamba wa kata akusaidie kuzipata. Ila kabla ya mbegu, mzee, jua ni ugonjwa upi. Kuna chumvi ya kawaida, hiyo ukiwa na maji masafi ya kutosha na pa kuyatolea, unajaza jaruba, unaacha chumvi iyeyuke, unafungulia maji yatoke, unarudia, inapungua. Na kuna magadi, hiyo udongo wake ukilowa unateleza kama sabuni, maji hayapiti chini, ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, na kuosha kwa maji peke yake hakusaidii, panahitaji jasi na samadi na muda. Huko kwetu ukanda wa chini zote zipo, saa nyingine kwenye eka moja. Chukua udongo kidogo sehemu tano sita za hiyo eka mbaya uchanganye upeleke ukapimwe.

Kwenye kujaribu mbegu sasa, usiijaribu kwenye ile eka nzuri. Nimeona watu wanapanda mbegu ya chumvi kwenye udongo mzuri, inashindwa na SARO 5, wanaitupa. Ipande pale penye mabaka, na SARO 5 pembeni yake pale pale penye mabaka, uone ipi inabaki hai. Mpunga unateseka na chumvi zaidi ukiwa mche mdogo na tena wakati wa kuchanua, katikati hapo unajikaza, kwa hiyo pandikiza miche iliyokomaa kidogo, mitatu minne kwa shimo, usichukue ile miche michanga ya siku 10 inayopandikizwa kwenye njia ya kilimo shadidi kwenye udongo kama huo.

Bibi shamba, niko Mto wa Mbu. Nimejaribu mbegu mbili pembeni kwa pembeni kama ulivyotufundisha humu. Moja imegeuka njano wiki ya nne, nyingine iko kijani. Niing'oe? Ndo kusema haifai ukanda wetu?

Hongera kwa kujaribu. Usiing'oe leo, kaiangalie kwa karibu kwanza, njano ya mpunga ina mama wengi.

Kama njano imeanza kwenye majani ya chini ya zamani, shamba zima sawa sawa, hiyo ni njaa ya mbolea, yurea inatibu ndani ya wiki. Kama majani yana madoa ya kahawia kama kutu, mche umedumaa, na udongo wako ni wa magadi magadi, hiyo mara nyingi ni upungufu wa zinki, manake kwenye udongo wa aina hiyo zinki ipo lakini mmea hauwezi kuichukua, na kuna mbegu zinazovumilia hilo kuliko nyingine, kwa hiyo hapo tofauti uliyoiona ni ya kweli na ya maana.

Ila kama jani jipya lina vistari na madoadoa ya njano na kijani yaliyochanganyika kama kitambaa kilichochujuka, miche imebaki mifupi, na imeanza kwenye mabaka siyo shamba zima, hapo ni virusi vya njano ya mpunga, wataalamu wanaviita RYMV. Ni ugonjwa wa kwetu Afrika, uligunduliwa 1966 kule Kenya karibu na Kisumu. Hauna dawa. Unaenezwa na wadudu wadogo wa mabawa magumu wanaotafuna majani, na unaenezwa na mikono yetu pia, ukishika mche mgonjwa kitaluni ukashika mzima umeshaupeleka, na ng'ombe wakipita wanapeleka, na mundu unapeleka. Kwenye mbegu yenyewe ya kupanda haupiti. Hiyo ya mwisho ishike sana, manake watu wanatupa gunia zima la mbegu wakidhani ugonjwa uko ndani yake, wakati uko kwenye machipukizi ya mpunga wa msimu uliopita na majani ya matutani ambayo hawakuyafyeka.

SARO 5 naipenda lakini kwa hilo gonjwa ni dhaifu, lazima niseme. Kama uliyonayo ya kijani imesimama katikati ya ugonjwa na jirani yake inaumwa, umepata kitu cha thamani, iangalie mpaka mwisho, itunzie mbegu, mwite bwana shamba aje aione ikiwa bado shambani, usimwite wakati imebaki mabua. Ile inayoumwa ng'oa miche yenye dalili, ifukie, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa nyingine. Ukinitumia picha ya jani jipya karibu kabisa ntakuambia ninachoona.

Mambo dada, mimi sio mkulima, nauza mchele soko la Kilombero Arusha. Wakulima wananiletea mbegu mpya kila mwaka wanasema ina mavuno, mi naona chenga tu na wateja wananirudishia. Kwa nini hamtuulizi sisi kabla ya kuwaambia watu wapande?

Dada yangu, umesema kweli na imenigusa. Kwa muda mrefu tumepima mpunga shambani tukaishia kwenye gunia, na gunia mtu haliweki mezani.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mbegu ya kwanza inatoa gunia 24 za kilo 100 kwa eka, ikikobolewa inatoa mchele asilimia 60, hiyo ni kilo 1,440. Ya pili inatoa gunia 21 tu lakini ikikobolewa inatoa asilimia 68, hiyo ni kilo 1,428. Gunia tatu zote zimeishia mashineni kwenye pumba. Sasa kama ya pili ina harufu na punje ndefu haikatiki, na wewe ukaiuza 2,200 wakati ile ya kwanza inaenda 2,000, eka ya pili imeleta milioni 3 na laki moja na kitu, ya kwanza imeleta milioni 2 na laki 8 na ushee. Mkulima aliyesifiwa kwa gunia 24 ndo amepata kidogo, na hakuna aliyemwambia.

Ila na chenga zote usizilaumu mbegu. Mpunga ukiachwa shambani mpaka umekauka kabisa kwenye bua, au ukianikwa pembeni ya lami jua la saa saba, usiku ukaachwa nje ukapata umande, asubuhi ukaanikwa tena, punje inapata ufa ndani kabla haijafika mashineni. Hapo hata Supa itatoka chenga. Mpunga unavunwa punje nane kwa kumi zikiwa zimegeuka dhahabu, unaanikwa kwenye turubai polepole unageuzwa, jioni unafunikwa, mpaka ubaki na unyevu wa asilimia 14. Kwa hiyo wakulima mnaopima mbegu mbili, vuneni na kuanika kwa namna moja, pelekeni mashine moja siku moja, kilo 10 kila mbegu, ipimwe mchele mzima kando, chenga kando.

Alafu mpelekeeni dada huyu. Au kama mko mbali naye, fanyeni mnachofanya wanawake wa kikundi chetu. Tunapika sufuria mbili zinazolingana, kikombe cha mchele na maji sawa, bila mafuta bila nazi, chumvi tu. Tunaandika namba chini ya sahani, anayeonja hajui ipi ni ipi. Tunauliza unanukia, unachambuka au unashikana, ungeununua tena. Na tunabakisha kidogo mpaka asubuhi, manake mchele wetu hauishii usiku, watoto wanakula kiporo na chai kabla ya shule, na kuna mbegu jioni ni nzuri asubuhi imekuwa mawe. Mbegu mojawapo tuliyoipenda sana shambani ilianguka hapo kwenye kiporo, na hakuna mama aliyetaka kuirudia.

Nikishapata mbegu inayonifaa nitunze mwenyewe au ninunue kila msimu?

Mpunga unajichavusha wenyewe, haubadiliki hovyo kama mahindi, kwa hiyo mbegu ya kawaida kama SARO 5 unaweza kutunza misimu miwili mitatu. Chotara hapana, hiyo lazima ununue. Kinachoharibu ni kuchanganyika, kwenye turubai la kupigia, kwenye mashine, kwenye gunia la jirani. Tenga jaruba la mbegu, pita mara mbili ung'oe mgeni yeyote, aliye mrefu kuliko wenzake, aliyetoa suke mapema, mwenye ndevu wakati wenzake hawana. Vuna hilo kwanza, lipige peke yake.

Kabla ya kusia weka chumvi kwenye ndoo ya maji, koroga mpaka yai bichi jipya lielee, mwaga mbegu, zinazoelea toa, zilizozama osha kwa maji masafi mara mbili tatu. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, siku ya saba zikiota 80 na zaidi uko salama. Na ukinunua, nunua yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, au mbegu ya kuazimiwa ubora kutoka kwa mkulima wa karibu aliyekaguliwa, ambaye unaweza kwenda kuliona shamba lake. Mi niliwahi kuuziwa mfuko dukani ukatoa mpunga wa aina tatu kwenye jaruba moja, na lebo yake sikuiangalia. Sasa hivi mfuko siulipii kabla sijausoma pale pale kaunta, jina la mbegu, namba ya kundi, tarehe ya kupimwa uotaji, na mfuko wenyewe naurudisha nyumbani naufungia kwenye daftari la msimu huo.